Je, Wajua Kwa Nini Ruta ya 1200 Hushindwa na Waya wa 100?

Intaneti ya nyumbani ikianza kusuasua, wengi hukimbilia dukani kutafuta ruta yenye antena nyingi. Boksi limeandikwa AC1200, kifurushi kinacholipiwa ni cha Mbps 20 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi). Lakini ruta haitengenezi intaneti, inagawa ile iliyoletwa na kampuni. Zikiingia Mbps 20, ni hizo hizo zitakazotoka, hata antena zikiwa nane.

Hiyo 1200 yenyewe ina vituko vyake. Ni Mbps 300 za masafa (mawimbi ya redio) ya GHz 2.4, ukijumlisha 867 za GHz 5, unapata 1167, kisha namba ikanyooshwa ipendeze. Simu kwa kawaida hushika masafa moja kwa wakati, hivyo jumla hiyo haiioni. Kama ina antena moja tu ya Wi-Fi, kikomo chake kwenye GHz 5 ni 433. Na baadhi ya ruta za bei nafuu za daraja hilo zina matundu ya waya ya Mbps 100 tu, likiwemo lile ambalo intaneti huingilia. Yaani umenunua 1200, na juu ya 100 haifiki kitu kutoka nje.

Hata 433 ni kasi ya kwenye karatasi, kwa sababu hewa ni moja na wanaoitaka ni wengi. Fikiria kikao kinachofanyika gizani, bila mwenyekiti. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Akisikia kimya, husubiri kidogo, muda wa kubahatisha, ndipo aseme. Kila anachosema lazima kijibiwe "nimesikia". Wawili wakianza pamoja, hakuna anayejua mpaka aone hajajibiwa, na hapo hurudia baada ya kusubiri zaidi. Aliyekaa mbali inabidi asemeshwe polepole ili aelewe, na wakati huo wengine wote wamenyamaza. Huyo ndiye simu iliyo chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili za zege. Majirani nao wamo kikaoni: GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zinazotumika bila kuingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ghorofa moja ya Kariakoo au Eastleigh ina ruta nyingi kuliko hizo.

Ajabu ni kwamba waya nao ulianza hivyo hivyo. Ethernet, teknolojia ya mtandao wa waya iliyobuniwa na Robert Metcalfe kwenye kampuni ya Xerox mwaka 1973, ilichukua mawazo kutoka ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kompyuta zote zilichangia kebo moja na kugongana. Baadaye swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta, ikaipa kila kompyuta waya wake, ikaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na foleni ya kusubiri kimya ikaisha.

Hata hivyo, kwa kifurushi cha Mbps 10 na simu iliyo sebuleni karibu na ruta, waya hautaongeza kasi. Faida itaonekana zaidi kwenye michezo na mazungumzo ya video, ambako kinachoudhi ni kukatika-katika.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chomeka kompyuta kwa waya kwenye kisanduku cha kampuni na upime, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Ukipata kasi unayolipia, tatizo lako liko hewani. Usipoipata, anza na kampuni. Wateja wa faiba wajue pia kwamba kisanduku hicho mara nyingi ndicho kinachopokea mwanga na kuugeuza umeme, hivyo ruta ya dukani huchomekwa nyuma yake. Zima basi Wi-Fi ya kisanduku, la sivyo umejiongezea msemaji kikaoni.

Na fundi akikuvutia waya, hesabu nyaya ndogo za ndani alizozifikisha kwenye kichwa cha kuchomeka. Kwa Mbps 1000 zinahitajika zote nane. Zikiungwa nne, intaneti itafanya kazi vizuri tu, ila kwa 100.