Kuhamisha mashine pepe: dhana potofu na ukweli wake

Mashine pepe ni kompyuta kamili iliyomo ndani ya kompyuta nyingine, na kwa kuwa yote yaliyomo ndani yake huhifadhiwa katika faili, wengi huamini kwamba kuihamisha ni sawa na kuhamisha picha au wimbo. Mifano yangu mingi inatoka katika VirtualBox, programu ya bure ambayo wanafunzi na mafundi wengi huanzia hapo.

Dhana: Ukinakili faili ya VDI, umenakili mashine nzima.

Ukweli: VDI ni diski tu, yaani faili inayofanya kazi ya diski kuu ya mashine pepe. Maelezo ya mashine, kama vile kiasi cha RAM na aina ya adapta ya mtandao, yamo katika faili ndogo inayoishia na .vbox. Jambo zito zaidi ni snapshoti, yaani alama ya kumbukumbu unayoweka ili uweze kuirudisha mashine katika hali ya wakati huo. Tangu unapoiweka, VDI ya awali haiandikwi tena. Kila badiliko huingia katika faili nyingine ndani ya folda ya Snapshots, na kila faili huitegemea iliyoitangulia, kama pingili za mnyororo. Anayebeba VDI ya awali peke yake ataiwasha mashine bila tatizo lolote, kisha akute kazi aliyoifanya baada ya snapshoti ya kwanza haipo, na asijue kwamba imebaki katika kompyuta ya zamani ambayo pengine ameshaifuta. Hasara hii inaniuma kuliko nyingine zote, kwa sababu inazuilika kwa urahisi: tangu toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2010, VirtualBox huweka vitu hivi vyote katika folda moja ya mashine husika, isipokuwa diski ulizochagua mwenyewe kuziweka mahali pengine. Nakili folda nzima, kisha uifungue ile .vbox katika kompyuta mpya.

Dhana: Faili ya OVA hubeba kila kitu.

Ukweli: OVA, faili moja inayotokana na kusafirisha mashine kutoka VirtualBox, hubeba hali ya mashine ilivyo sasa, na snapshoti zote huachwa nyuma. Folda unazoshiriki na kompyuta mwenyeji, yaani ile inayoendesha mashine pepe, nazo hazimo, kwa kuwa hazikuwa sehemu ya mashine tangu mwanzo. Hata hivyo OVA ina faida yake: diski hubanwa, na programu nyingine, kama zile za kampuni ya VMware, zinaweza kuisoma.

Dhana: Si lazima kuizima mashine, inatosha kuilaza, yaani kuisimamisha na kuhifadhi hali yake.

Ukweli: Mashine iliyolazwa huhifadhi RAM yake pamoja na hali ya prosesa iliyokuwa ikiitumia, na ikiamshwa juu ya prosesa ya aina nyingine inaweza kukataa kabisa. Izime kutoka ndani ya mfumo wake endeshi. Wanaobisha hutaja vituo vya data, na ni kweli kwamba VMware ilileta vMotion, njia ya kuhamisha mashine bila kuizima, mwaka 2003, na kwamba mwaka 2005 watafiti wa Xen, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, walionyesha seva ya mchezo ikihamishwa huku ikisimama kwa takriban milisekunde 60 tu. Lakini katika mazingira hayo diski ilikuwa katika hifadhi ya pamoja inayofikiwa na kompyuta zote mbili, na prosesa zilichaguliwa ziendane.

Dhana: Kompyuta yoyote itaipokea.

Ukweli: Mashine iliyoundwa kwa prosesa za Intel au AMD haiendeshwi moja kwa moja na kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata, kwa kuwa hizo ni za familia ya ARM, inayotumia lugha tofauti ya maagizo. Hata kati ya kompyuta za familia moja, huenda uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nawe utaona kosa ukadhani nakala imeharibika. Kabla ya hapo, angalia flashi yako pia: iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili inayofika GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 64.

Dhana: Nakala na ya asili zinaweza kufanya kazi pamoja.

Ukweli: Zikiwa katika mtandao mmoja na adapta zake zimeunganishwa moja kwa moja na mtandao huo, zitakuwa na anwani moja ya MAC, yaani namba inayoitambulisha adapta katika mtandao, na mawasiliano yatakatikakatika. Toa anwani mpya kwa mojawapo kabla ya kuiwasha.