Demosthenes Si Shahidi wa Wamakedonia

Wiki hii nimesahihisha insha nyingine yenye sentensi ile ile: Wamakedonia, watu wa ufalme wa kale wa kaskazini, hawakuwa Wayunani (Wagiriki wa kale), maana Demosthenes, msemaji wa siasa wa Athens, aliwaita washenzi, yaani wasio Wayunani. Mwandishi akaweka nukta, akahamia kwa Alexander Mkuu, kana kwamba kesi imekwisha. Nimekutana na sentensi hiyo miaka nenda miaka rudi, darasani na mitandaoni. Leo naijibu kwa kirefu.

Kwanza tumsome Demosthenes mwenyewe. Mwaka 341 KK, katika hotuba yake ya tatu dhidi ya Philip II, mfalme wa Makedonia, alisema mtu huyo si Myunani, hana udugu na Wayunani, wala hata si mshenzi wa kutoka mahali pa heshima. Ametoka Makedonia, ambako zamani hata mtumwa wa maana hukuweza kumnunua. Hayo ni matusi ya mwanasiasa anayewahimiza Waathene waingie vitani. Tena anatukanwa mtu mmoja, mfalme, si taifa. Na mfalme huyo ndiye hasa ambaye tusi hilo halimkai! Mwaka 356 KK farasi wake alishinda Olympia, kwenye michezo ambayo asiye Myunani hakuruhusiwa kushindana. Mwaka 346 KK alipewa kura mbili katika baraza lililolinda hekalu la Apollo kule Delphi, akasimamia na michezo ya huko. Demosthenes aliyajua yote hayo, na waliomsikiliza waliyajua. Ukimgeuza shahidi wa asili ya Wamakedonia, unaandika historia ya ukoo kwa kunakili maneno ya jukwaani wakati wa kampeni.

Lakini wanaokimbilia Olympia nao waende polepole. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba Alexander I, mfalme wa Makedonia zaidi ya miaka mia moja kabla ya Philip, alipokwenda kukimbia huko, washindani wenzake walimkataa: mbio hizi si za washenzi. Akathibitisha kwamba ukoo wake umetoka Argos, mji wa Wayunani, waamuzi wakampitisha. Aliyepitishwa ni mfalme pamoja na ukoo wake. Raia wake hawakuhusika na hukumu ile.

Anayenikosesha usingizi ni Isocrates, mwandishi wa Athens, ambaye wenye kubishana hawamtaji kabisa. Huyu alimpenda Philip na kumtaka awaongoze Wayunani dhidi ya Waajemi. Hata hivyo, katika maandishi aliyomwelekezea mwaka 346 KK, anamsifu mwanzilishi wa ufalme ule kwa kuwa aliacha nchi za Wayunani na kwenda kutawala watu wasio wa kabila lake. Adui akisema hivyo, utasema ni chuki. Rafiki akiyasema katika sifa, mbele ya mfalme mwenyewe, akitumaini yatampendeza, inabidi utulie na kufikiri. Kwa Isocrates mfalme alikuwa Myunani na watu wake hawakuwa.

Nasaba zenyewe hazikutulia. Katika utenzi wa kale wa koo uliohesabiwa kuwa wa mshairi Hesiod, Makedon, babu wa Wamakedonia, ni mwana wa Zeus na binti wa Deucalion. Hellen, babu wa Wayunani wote, ni mwana wa Deucalion huyo huyo. Kwa hesabu zetu, Hellen ni mjomba na Makedon ni mpwa: ni damu moja, lakini Makedon hahesabiwi katika ukoo wa Hellen. Katika karne ya 5 KK mwanahistoria Hellanicus akaipanga upya nasaba hiyo, akamfanya Makedon mwana wa Aeolus, na Aeolus ni mwana wa Hellen. Mpwa akawa mjukuu. Mabadiliko hayo yananifundisha kuliko hotuba zote za Athens, kwa sababu yanaonyesha kwamba Uyunani ulikuwa udugu unaodaiwa, unaobishaniwa na kukubaliwa. Haukuwa uraia, maana hapakuwa na dola moja iliyoitwa Uyunani.

Na lugha je? Mwaka 1986, katika kaburi moja huko Pella, mji mkuu wa Wamakedonia, lilipatikana bamba la madini ya risasi lililoviringishwa, la karne ya 4 KK. Mwanamke ameandika uganga wa kuzuia ndoa ya Thetima na Dionysophon, akiomba huyo bwana asioe mwanamke mwingine ila yeye mwandishi. Ni maneno ya wivu na upweke, na yameandikwa kwa lahaja ya Kiyunani iliyo karibu na Kidori, lahaja ya Wayunani wengine, si Kiatiki, lahaja ya Athens iliyotumika katika ofisi za mfalme. Ndiyo sababu nalithamini: mtu mwenye maumivu kama yale hachagui lahaja ili kuwapendeza wageni.

Hata hivyo bamba moja ni bamba moja, na Pella ulikuwa mji wa wengi. Naliweka pamoja na mawe ya makaburi ya Vergina, huko huko Makedonia, yenye majina ya watu wa kawaida na ya baba zao, karibu yote ya Kiyunani. Kinachonitatiza ni matamshi. Jina la mwanamke, kwa mfano: Wamakedonia walisema Berenike pale Waathene waliposema Pherenike. Wapo wanaoona humo lahaja tu, na wapo wanaosikia mwangwi wa lugha nyingine iliyotangulia. Mimi nimeelemea upande wa lahaja, na ninakiri kwamba kuna siku nimefundisha hivyo bila kuwa na uhakika niliouonyesha.

Mgogoro wa Ugiriki na nchi ya leo ya Makedonia Kaskazini juu ya jina Makedonia, uliofikia Makubaliano ya Prespa mwaka 2018, ni mada nyingine kabisa. Lugha ya Kislavi, asili ya lugha ya nchi hiyo, iliingia Balkani katika karne ya 6 na ya 7 BK. Philip hawezi kumshindia mtu yeyote kesi hiyo.

Turudi kwa watu wa kale: kuna shahidi mmoja asiyekuwa na upande katika ubishi huu wa nasaba. Darius, mfalme wa Uajemi, kwenye kaburi lake lililochongwa mwambani huko Naqsh-e Rustam, ameorodhesha watu aliowatawala, wakiwemo Yauna wanaovaa ngao kichwani. Wataalamu wengi wanawatambua hao kuwa Wamakedonia na majirani zao, kwa zile kofia zao bapa. Makarani wa Darius hawakuuliza nasaba wala Olympia. Waliona kofia, wakasikia lugha, wakaandika Yauna, jina la Waionia, Wayunani wa pwani ya Asia, ambalo Waajemi waliwapa Wayunani wote. Kutoka kwa jina hilo la Waionia ndiko Waarabu walikopata Yunan, nasi tukapokea kwao Myunani.