Kipimo cha samaki wa mshipi: yanayosemwa pwani ya Tanga na ukweli wake

"Huyu anajaza sahani, si mdogo." Makosa mengi huanzia hapo. Kipimo cha chini, yaani urefu ambao samaki asiyeufikia hurudishwa majini, hakikuwekwa kwa ajili ya sahani. Kimewekwa ili samaki apate kutaga walau mara moja kabla hajavuliwa, na sentimita ni njia ya kulikisia hilo bila kumpasua. Ndiyo maana urefu mmoja haufai samaki wote. Tasi wa sentimita 30 ni mzima kabisa, ameshazaa. Nguru wa sentimita 60 ana kama kilo moja na nusu na anapendeza machoni, lakini bado ni mtoto: jimbo la Queensland huko Australia haliruhusu nguru wa chini ya sentimita 75, na Australia Magharibi wamefika 90. Kwa chewa ni kugumu zaidi, kwa sababu jina hilo moja limebeba jamii nzima. Wamo chewa wasiozidi sentimita 40 hata wakizeeka, na wamo wanaopita mita mbili. Anayesema "chewa wa sentimita 35" hajasema kitu mpaka ataje ni chewa gani.

Wapo pia wanaoishika sentimita 50 kama sheria ya kila samaki. Hiyo ni ya sangara, na mahali pake ni Ziwa Victoria. Sato wa huko kipimo chake ni 25. Ukiileta namba ya sangara Raskazone, utamrudisha majini tasi aliyekomaa na kumbeba nguru mchanga. Vivyo hivyo ile sentimita 42 inayosomwa mitandaoni: ni ya samaki aitwaye bass kwenye maji ya Uingereza na jirani zake, ilipandishwa kutoka 36 mwaka 2015, na haimhusu changu wa Mwambani.

Pweza hana urefu wa kuaminika, maana mwili wake unavutika, kwa hiyo hupimwa kwa mizani. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Mpime mzima, kabla ya kumsafisha. Wanaotembea mwambani maji ya bamvua yakitoka wazingatie jambo hili: pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Akichukuliwa mdogo, hakuacha chochote. Na hukua haraka mno, hivyo kumwachia wiki chache si hasara.

"Shibiri mbili zinatosha." Hazitoshi. Shibiri za watu hupishana sentimita mbili au tatu, na ukizihesabu mbili kosa linaongezeka maradufu. Kosa jingine ni kupitisha futikamba juu ya tumbo la samaki: chewa mnene huongezewa urefu asio nao. Tengeneza ubao wa mita moja, upigilie kipande cha mbao mwanzoni ili pua iguse hapo. Chora mistari kwa msumari ndipo upake rangi, kwani wino mtupu hufutwa na maji ya chumvi. Ukibandika rula, angalia sifuri yake. Nyingi haianzii ukingoni, na hizo milimita chache ndizo zinazoleta ubishi. Mlaze samaki ubavu, mdomo ufungwe, usome hadi ncha ya mkia. Huo ni urefu mzima. Kuna sheria zinazopima hadi kwenye panda ya mkia, na kwa nguru au kolekole tofauti ya vipimo hivyo viwili ni sentimita kadhaa, basi jua kwanza unasoma kipi. Samaki aliyefika mstarini kwa kubahatisha mrudishe: akikaa kwenye barafu husinyaa kidogo, na huko nchi kavu atapimwa upya.

Kukata minofu hukohuko baharini nako huonekana ni usafi tu. Minofu haipimiki. Nchi nyingi zenye vipimo huzuia jambo hilo mpaka samaki ashushwe.

Dhana inayodhuru kuliko zote ni hii: "Kumrudisha ni kazi bure, atakufa tu." Hufa akishikwa vibaya. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Usimtupe kwenye sakafu ya boti iliyochomwa na jua, wala usimning'inize kwa matamvua. Bana kijino cha ndoano kwa koleo kabla hujaanza kuvua, utamtoa kwa sekunde chache. Ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina, hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kooni. Lakini usiikurupue samaki anapouma, kaza mshipi taratibu. Akiwa ameimeza, usichokonoe. Kata mshipi karibu na ndoano.

Kina kina balaa lake. Changu au chewa akitolewa mita 20, hewa ya kibofu chake huvimba mara tatu akifika juu. Utaona macho yametoka na tumbo limechomoza mdomoni. Watu hulitoboa wakidhani ndilo kibofu, kumbe ni mfuko wa chakula, na hapo wamemuua. Tiba ni kumrudisha chini upesi. Chukua ndoano kubwa isiyo na kijino, funga mshipi kwenye kipindo chake na chubwi nzito kwenye jicho lake. Pitisha ncha kwenye ngozi ya mdomo, mshushe mpaka chini, halafu vuta kwa ghafla: ndoano itachomoka na samaki atabaki kule alikotoka. Nguru hana kibofu cha hewa, ila huchoka sana akipigana, kwa hiyo mlete haraka umwachie akiwa majini.

Na akiwa ameshakufa? Wengi husema bora aliwe. Inauma kumtupa, lakini penye sheria ya kipimo huwa harudi nyumbani hata akiwa mfu, kwa sababu ukifungua mlango huo kila samaki mdogo "atakutwa amekufa". Akitupwa majini, kaa nao humla. Wakianza kuja wadogo watatu wanne mfululizo, ng'oa nanga uhame, au ongeza ukubwa wa ndoano na chambo.

Wengine hudhani aliyepita kipimo ni halali bila kikomo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa wote mwambani, umewaacha majike bila madume. Kwa nguru ni mayai: samaki akiongezeka urefu maradufu, uzito wake huwa karibu mara nane, na mayai hufuata uzito. Ndiyo maana samaki aitwaye barramundi huko Queensland ana mipaka miwili, si chini ya sentimita 58 wala si juu ya 120.

Kwenye hifadhi tengefu kama Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, urefu hauulizwi. Hapo havuliwi samaki wa kipimo chochote, hata kwa mshipi mmoja wa kujifurahisha.