Mbona tunanenepa? Maswali ya watu wa Moshi kuhusu uzito na chakula

Maswali haya ndiyo yanayojirudia watu wanapopanda kwenye mizani hapa Moshi, iwe kliniki, kwenye vikao vya vikoba au nje ya kanisa baada ya ibada. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa, majina nimeyatoa.

Ni kweli watu wamenenepa kuliko zamani, au ni macho yetu tu?

Ni kweli. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, kama asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Utafiti kama huo wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Hiyo ni miaka mitano tu. Mjini hali ni nzito kuliko kijijini, na wanawake wanaguswa kuliko wanaume. Wala si sisi peke yetu: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na kiribatumbo.

Hapa kwetu kuna jambo lililotuchelewesha kulitazama hili kama ugonjwa. Miaka ya tisini mtu akikonda, majirani walianza kunong'ona kwamba ana UKIMWI. Kunenepa kukawa ushahidi kwamba uko salama na mambo yako yanakwenda. Mpaka leo mtu akirudi kutoka Dar akiwa na mashavu anasifiwa "umependeza", na aliyepungua kwa makusudi anaulizwa kama anaumwa.

Nitajuaje kama nimezidi? Mimi ni mfupi, mwenzangu ni mrefu.

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huohuo. Ukipata 25 au zaidi umezidi. 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 anaivuka 25 akifika kilo 64, na anaifikia 30 kwenye kilo 77 hivi.

Hesabu hiyo haioni mafuta yamekaa wapi, kwa hiyo azima na futi ya fundi cherehani, upime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanaume akizidi 94, hatari ya kisukari na presha inaanza kupanda. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara makubwa kuliko ya mapaja na makalio. Ndiyo maana mwanaume mwembamba wa miguu mwenye kitambi kilichochomoza mbele asijione mzima kwa sababu suruali inamkaa vizuri.

Ninakula ugali kila siku. Ndio unaoninenepesha?

Swali hili linaulizwa na kila mtu, na ugali umeonewa vya kutosha.

Gramu moja ya wanga inakupa kalori 4. Protini nayo ni 4. Pombe ni 7. Mafuta ni 9. Yaani mafuta yamebeba nguvu zaidi ya mara mbili ya unga, tena bila kujaza tumbo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120. Sasa simama jikoni uangalie mkono wa mpishi unavyomimina. Vitunguu vinakaangwa, nyanya inakaangwa, kisha mnafu, mboga ambayo yenyewe karibu haina kalori, unafika mezani unang'aa. Wali umewekwa mafuta, maharage yameungwa kwa mafuta, na asubuhi kulikuwa na chapati. Hakuna hata mmoja mezani atakayesema amekula mafuta. Atasema amekula ugali na mboga.

Fanya hesabu hii nyumbani kwako. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano ikimaliza kidumu cha lita 5 kwa mwezi, kila mmoja anapata karibu kalori 275 kwa siku kutoka kwenye kidumu peke yake. Kidumu hicho kikiisha kwa wiki mbili, inakuwa kama 590, yaani sawa na mlo mwingine mzima ambao hakuna aliyekumbuka kuula. Nikitembelea nyumba, swali langu la kwanza ni kidumu kimenunuliwa lini, la ugali linakuja baadaye.

Tazama kiazi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori chini ya 90. Vilevile vikatwe, vitumbukizwe kwenye karai, gramu 100 za chipsi zinapita 300. Kiazi hakikubadilika tabia. Maji yametoka, mafuta yameingia. Kisha juu yake yanapigwa mayai ili iwe zege, na pembeni inakaa soda.

Hii haina maana kwamba mlima wa ugali hauna neno. Una neno, hasa sembe, ambayo imekobolewa mpaka nyuzinyuzi zimeisha na unasikia njaa mapema. Dona kalori zake zinakaribiana na za sembe, lakini inakaa tumboni zaidi. Ila ukipunguza ugali ukaacha karai linachemka palepale, mizani haitakuonea huruma.

Babu yangu alikula ndizi na nyama, akanywa mbege, na hakuwa na kitambi. Si kwa sababu alikuwa anatembea?

Nusu ya jibu ni hiyo, mzee wangu. Nusu nyingine ni kwamba machalari ya babu, hizo ndizi zake na nyama, yalichemshwa, hayakukaangwa. Nyama nyingi ilionekana siku ya shughuli, na sukari ilikuwa kitu cha mgeni. Mbege nayo, pombe ya ndizi, ilinywewa kwa kata, na huyo aliyeinywa alikuwa ametoka kushuka na kupanda kihamba, shamba lake la nyumbani.

Lakini nikupe habari moja kutoka jirani zetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kule Karatu, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na wanatembea kwa siku kuliko wengi wetu. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kila mtu alitarajia Mhadzabe awe anaunguza kalori kupita mfanyakazi wa ofisini wa Marekani. Walipozingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Mwili unaofanya kazi nyingi kila siku unajibana kwingine, na jumla inabaki karibu palepale.

Kwa hiyo kupanda bodaboda kutoka Pasua mpaka Mbuyuni badala ya kutembea si habari njema kwa moyo wako, lakini kama maelezo ya kitambi hayatoshi. Kutembea saa nzima kunatumia kalori kama 250 kwa mtu wa kilo 70. Chapati moja nzito ya mafuta inazirudisha kabla hujafika nyumbani. Tembea kwa ajili ya presha, sukari, usingizi na magoti, na kwa kuulinda uzito usirudi ukishapungua. Ila kupungua kwenyewe kunaanzia kwenye sahani.

Situmii soda, nakunywa chai na juisi tu.

Chai ya vijiko vitatu vya sukari ina gramu 12. Kunywa vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36, sawa na soda moja ya mililita 350, ambayo ina gramu 37 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni vizuri zaidi.

Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba tumbo haliihesabu. Mtu akila embe mbili anahisi amekula kitu. Akinywa juisi ya embe nne kwenye glasi moja, dakika kumi baadaye anaulizia chakula. Juisi ya miwa pale kijiweni, hata ikitiwa tangawizi na ndimu, ni maji ya sukari. Pombe usiisahau: bia moja ya nusu lita ina kalori 200 au zaidi, na haiji peke yake, inaita kitimoto na ndizi za kukaanga.

Je, vyakula vya dukani vya pakiti navyo?

Ndiyo, na ushahidi wake ni mzuri. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, Marekani, waliwaweka watu wazima 20 ndani ya kituo cha utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa, wakaambiwa kila mtu ale anavyotaka. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye chakula cha kiwandani watu walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine walipungua kiasi hichohicho. Chakula laini kinamezwa haraka, na shibe inachelewa kufika.

Mtoto anayekwenda shule na pakiti ya biskuti, krispi na juisi ya rangi amebeba jaribio hilo kwenye begi. Makande ya nyumbani yanatafunika, na ndiyo faida yake.

Nimejifungua, mama mkwe ananilisha mtori na supu asubuhi mpaka usiku. Nitakuwaje?

Mama mkwe hana kosa, dada yangu. Mama anayenyonyesha anahitaji nguvu zaidi, kama kalori 500 kwa siku ukilinganisha na kawaida yake, na mtori wa ndizi na nyama ni chakula kizuri. Shida inakuja baadaye: mtoto ameanza kula uji, ananyonya kidogo, na mama bado anakula sahani ya mzazi kwa sababu mwili umeshazoea na hakuna aliyemwambia basi. Hapo ndipo kilo zinapobaki, na mimba inayofuata inazijengea juu.

Parachichi linanenepesha?

Nusu ya parachichi kubwa ina kalori 160 na zaidi. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo na yanashibisha. Kula parachichi badala ya chapati, si juu ya chapati.

Kwetu wote ni wanene. Si damu tu?

Damu ina sehemu yake, tena kubwa. Vinasaba vinagusa njaa, shibe, na mahali mafuta yanapokaa. Ndiyo maana watu wawili wanakula sufuria moja na mmoja ndiye anayenenepa, na ndiyo maana kumcheka mtu mnene ni ujinga. Hata hivyo damu ya watu wa Kilimanjaro haikubadilika kati ya 2010 na 2016. Kilichobadilika ni chakula kinachouzwa na namna tunavyoishi.

Kuna na mengine watu hawayataji. Kulala saa tano au chini kunapandisha homoni ya njaa na kushusha ya shibe. Walinzi wa usiku na madereva wa masafa wanalijua hili kwa miili yao. Dawa baadhi zinaongeza uzito: dawa jamii ya prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole nayo inaongeza kilo chache. Ukishuku dawa yako, usiiache. Mwulize aliyekuandikia.

Zile chai na vidonge vya kukata kitambi?

Nyingi ni dawa za kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umetoa maji na kinyesi, mafuta yako palepale. Maji ya ndimu ya moto hayayeyushi chochote isipokuwa meno yako, polepole.

Nilipungua kilo nane, mwaka haujaisha zikarudi. Mimi ni mzembe?

Hapana. Mwili ukipungua unadhani njaa imeingia nchini. Unapunguza matumizi, unaongeza hamu ya kula, na hali hiyo inaweza kudumu miaka. Wanaofunga kula wiki mbili kabla ya harusi wanakutana na hili kuliko wote. Anayeweza kudumu ni yule aliyebadilisha kitu anachoweza kukifanya hata Desemba, ndugu wote wakiwa wamepanda kuja nyumbani na mbuzi wakiwa wanachinjwa kila boma.

Na huhitaji kuwa mwembamba ili upate faida. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 na kuzishikilia, presha na sukari yake kwa kawaida zinashuka. Kwa wengi wa hapa Moshi ningeanza na vitu vitatu: pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, toa sukari kwenye chai kijiko kimoja kimoja mpaka ulimi uzoee, na mboga ichukue nusu ya sahani kabla ugali haujafika. Maharage, dagaa, mayai na maziwa mgando visikose, maana protini ndiyo inayoshikilia shibe.

Ni lini niache kujaribu mwenyewe niende hospitali?

Ukiwa na kiu isiyoisha na unaamka usiku kukojoa mara nyingi. Ukiwa unakoroma kwa nguvu, pumzi inakatika usingizini na mchana unasinzia kwenye daladala. Uzito ukiongezeka kilo kadhaa ndani ya siku chache huku miguu imevimba na pumzi ni fupi, hayo si mafuta, ni maji, na inaweza kuwa moyo au figo, usisubiri Jumatatu. Na hata kama hujisikii chochote, kiuno kikishazidi kile kipimo cha futi, nenda zahanati ya karibu au hospitali ya Mawenzi, uombe kupimwa presha na sukari asubuhi kabla hujanywa chai.