Kwiri hairudishi arei

Vijana wengi wanaotengeneza mifumo ya maduka, maghala na SACCOS hapa Kigoma wana sentensi waliyoizoea: "Kwiri imenirudishia arei." Inasemwa darasani, inasemwa kwenye makundi ya WhatsApp, na hata walio kazini miaka mingi huwafundisha hivyo wanaoanza. Arei haikurudishwa. Na anayeamini kwamba imerudishwa atapoteza jioni nzima kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Maana kwanza, kwa kifupi. Kwiri ni ombi unaloiandikia hifadhidata, yaani programu inayotunza data kwenye majedwali. Arei ni mkusanyo wa thamani ndani ya kumbukumbu ya programu yako, kila moja ikifikiwa kwa namba au kwa jina. Kukusanya matokeo kwenye arei ni kuchukua mistari iliyopatikana na kuipanga humo. Hiyo ni kazi ya pili, inakuja baada ya kwiri, na lazima uiandike wewe.

Kati ya kwiri na arei kuna kitu cha tatu, nacho ndicho kinachosahaulika. Tuseme una jedwali la mizigo ya treni lenye safu tatu: kituo, bidhaa na kilo. Dagaa na mawese vinapakiwa Kigoma, chumvi Uvinza, tumbaku Urambo. Ukiomba mizigo ya Uvinza kwa PHP (lugha ya kuandika programu) na MySQL (hifadhidata), amri ya mysqli_query inakupa obijekti, yaani kifurushi cha matokeo, ya aina ya mysqli_result; tuiite $matokeo. Ni kama boti iliyofika usiku ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma: dagaa ni wako, ila bado wamo botini. Kila ukiita fetch_assoc unashushiwa mstari mmoja, na alama ya ndani inasogea kwenye mstari unaofuata. Mistari ikiisha unapata null, yaani hakuna kitu.

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Tangu PHP 5.4, foreach, amri ya kupitia vitu kimoja kimoja, inapita juu ya mysqli_result moja kwa moja, sawasawa na inavyopita juu ya arei. Mtu akiona hivyo anahitimisha kuwa ni kitu kimoja. Lakini andika $matokeo[0], kama unavyoomba kipengele cha kwanza cha arei, uone: PHP itakataa, na itakwambia wazi kwamba obijekti hiyo haitumiki kama arei. Ita count($matokeo) kuhesabu mistari kwenye PHP 8, programu itasimama kwa kosa la aina ya data, kwa sababu idadi ya mistari inakaa kwenye num_rows. Pitia matokeo kwa while (amri ya kurudia) na fetch_assoc ili uchore jedwali, kisha rudia while hiyohiyo chini ya ukurasa ili ujumlishe kilo. Mara ya pili hupati kitu. Data haijafutika, alama imefika mwisho, na hairudi mwanzo mpaka uirudishe kwa data_seek(0). Arei haina tabia hiyo hata moja.

Lawama nyingine naiweka kwenye jina la fetch_array, ndugu yake fetch_assoc. Linamfanya mtu adhani anapewa arei ya matokeo yote, kumbe anapewa mstari mmoja tu. Tena usipoipa maelekezo, inaweka kila thamani mara mbili: kwa namba ya safu na kwa jina la safu. Jedwali letu la safu tatu linatoa arei yenye vipengele sita. Kama safu zako ni kilo za miezi na ukajumlisha mstari kwa array_sum, jumla inakuwa maradufu, na mwenye ghala ndiye atakayeigundua. Mistari yote kwa pamoja inaletwa na fetch_all, nayo usipoiambia MYSQLI_ASSOC inakupa thamani kwa namba za safu, bila majina yake.

Kuna suala la mpangilio pia. Arei ina wa kwanza na wa mwisho. Jedwali halina. Edgar Codd, aliyebuni nadharia ya hifadhidata za majedwali, aliliandika hilo katika makala yake ya 1970, alipokuwa kampuni ya kompyuta ya IBM: mpangilio wa mistari hauna maana yoyote. Bila ORDER BY, maneno ya kwiri yanayopanga mistari, kipengele cha kwanza cha arei yako ni kile tu kilichotangulia kufika, na kesho kinaweza kuwa kingine.

Kwa hiyo ukimsikia mwenzako akisema kwiri imempa arei, mrekebishe kwa upole: imekupa matokeo, arei umeitengeneza wewe. Kisha mwulize aliitengeneza ya nini. Mara nyingi utakuta alitaka jumla ya kilo za chumvi tu, na SUM, amri ya kujumlisha, ndani ya kwiri ingemletea mstari mmoja wenye namba moja, pasipo haja ya kukusanya chochote.