Je, wajua kwa nini wachimba makaa wa Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani, walitumia sarafu zisizopokelewa ng'ambo ya mlima?

Ni sarafu ndogo ya mviringo, ya shaba ya manjano, nyepesi kuliko inavyoonekana. Katikati imetobolewa tundu lenye umbo la herufi, na kuzunguka tundu hilo limechapwa jina la kampuni ya makaa ya mawe, tarakimu 5, na maneno yanayosema kwamba inafaa kununulia bidhaa tu. Haina sura ya rais wala jina la serikali yoyote. Hata hivyo, tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1950, katika mamia ya miji midogo ya West Virginia, mashariki mwa Kentucky na kusini-magharibi mwa Virginia, nchini Marekani, watu walinunua unga, viatu, dawa ya kikohozi na hata jeneza kwa vibati vya namna hiyo, ambavyo wenyewe waliviita skripu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mafupi: kampuni ilikataa kulipa dola, ikalipa vibati. Maelezo hayo yana ukweli wake, hasa kwa miaka ya mwanzo, lakini yanaliruka jambo lenyewe. Katika miji mingi, kilichobaki cha mshahara siku ya malipo kilitolewa kwa dola halali. Skripu ilikuwa ni ujira uliochukuliwa mapema, kabla ya siku hiyo kufika. Kwa maoni yangu, basi, kilichomfunga mchimba makaa kilikuwa kalenda kuliko kibati chenyewe: zile siku zilizopita kati ya kulichimba kaa na kulipwa kwa kulichimba, huku mke na watoto wakiwa katika bonde lenye duka moja.

Ili kuelewa duka hilo lilivyokuja kuwa moja, ni lazima kwanza kuitazama milima yenyewe. Appalachia ya kusini ni nchi ya mabonde membamba, ambako mara nyingi kijito, njia na nyumba hugombea kipande kilekile cha ardhi tambarare. Kabla ya reli, familia zililima mahindi kwenye miteremko, zikafuga nguruwe walioachwa wajitafutie chakula msituni, zikachimba mizizi ya jinsengi, mmea wa dawa, na kuiuza kwa wafanyabiashara, na fedha taslimu zilipita mikononi mwao kwa nadra. Mwaka 1883 reli ya Norfolk and Western ilifika Pocahontas, Virginia, na shehena za makaa zikaanza kuteremka kuelekea pwani. Kila reli ilipopenya bonde jingine, mgodi ulifunguliwa mahali ambapo hapakuwa na mji, na kwa kuwa wachimbaji hawawezi kulala msituni, kampuni ilijenga mji.

Lynch, katika wilaya ya Harlan, Kentucky, ni mfano mkubwa kuliko kawaida, lakini unaonyesha namna kazi hiyo ilivyofanyika. (Jina lake halihusiani na neno la Kiingereza lynch, linalohusu mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya watu waliojichukulia sheria mkononi; ni jina la ukoo la Thomas Lynch, aliyekuwa rais wa kampuni iliyoujenga.) Kampuni hiyo ilikuwa tawi la U.S. Steel, kampuni kubwa ya chuma, nayo ilianza ujenzi mwaka 1917 chini ya mlima Black, ulio mrefu kuliko yote katika jimbo hilo. Zikajengwa nyumba, shule, hospitali, makanisa na duka la ghorofa, na katika kilele chake mji ulikuwa na wakazi takriban 10,000. Walikuwamo Wamarekani weusi walioletwa kutoka Alabama, Waitaliano, Wahungari, Wapolandi, na wenyeji wa milima hiyohiyo waliokuwa wameacha jembe. Walifanya kazi pamoja chini ya ardhi, lakini juu ya ardhi watoto weusi walikuwa na shule yao na weupe yao.

Wengi wa watu hao walishuka kwenye treni wakiwa hawana kitu, na mara nyingine nauli yenyewe ilikuwa imeandikwa tayari kama deni lao la kwanza. Malipo yalitolewa kila baada ya wiki mbili au mwezi, kutegemea kampuni. Mtu aliyeanza kazi Jumatatu hangeuona mshahara kwa muda mrefu, ilhali chakula cha jioni kilihitajika siku ileile. Benki ilikuwa mbali, na kusafirisha masanduku ya fedha kwa treni katika mabonde yale kulikuwa na hatari zake. Skripu ilijibu shida ya kweli, na hilo nalo linafaa kusemwa, kwani huenda ndilo lililoifanya idumu.

Sasa tuitazame ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo pana utamu wa habari. Mchimbaji hakulipwa kwa saa bali kwa tani. Alikuwa na vibati vyake vya namba, na kila alipojaza kigari alitundika kimoja juu yake. Kigari kilipotoka mgodini na kupimwa, karani alisoma namba na kumwandikia uzito wake daftarini. Kwa hiyo kulikuwa na vibati vya aina mbili katika maisha ya mtu huyo: kimoja kilihesabu makaa yaliyotoka shimoni, kingine kilihesabu vyakula vilivyotoka dukani, na vyote viwili vilikutana katika ukurasa mmoja wa daftari ambalo mwenyewe hakulishika.

Dirisha la skripu kwa kawaida lilikuwa ndani ya jengo la duka, ambamo mara nyingi mlikuwa pia na posta na ofisi ya malipo. Mara nyingi aliyefika dirishani alikuwa mke au mtoto, kwa sababu baba alikuwa shimoni. Mtoto alitaja namba ya baba yake na kiasi alichotumwa, tuseme dola 2. Karani alifungua daftari na kuangalia kama namba hiyo ilikuwa imepeleka makaa ya kutosha juzi na jana. Ikiwa ndivyo, vibati vilihesabiwa juu ya meza, vya senti 50, 25, 10 na 5, na kiasi hicho kikakatwa papo hapo. Ikiwa sivyo, mtoto alirudi nyumbani mikono mitupu, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa amesikia. Baadaye viwanda vya Ohio, hasa katika miji ya Dayton na Cincinnati, vilitengeneza vibati hivyo kwa wingi pamoja na mashine za kuvitoa na kuviandika, hivyo karani hakuhitaji hata kupiga hesabu kichwani.

Skripu ilikuwa sehemu tu ya makato. Baruti aliyolipulia makaa mchimbaji alijinunulia mwenyewe, kwa kawaida katika kopo kubwa la ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Alijinunulia pia mawe ya kabaidi ya kuwashia taa ya kichwani: maji yaliyadondokea tone kwa tone, gesi ikatoka, na mwali mdogo ukawaka mbele ya paji la uso. Alilipia kunolewa kwa sururu zake kwa mhunzi wa kampuni. Alilipa kodi ya nyumba, ada ya daktari, na hata makaa ya jikoni kwake, ambayo huenda aliyachimba kwa mkono wake. Kisha kulikuwa na kazi isiyolipwa kabisa: kuondoa mawe yaliyoanguka, kusimamisha miti ya kushikilia dari na kusukuma maji, kwa sababu hakuna tani iliyopatikana katika kazi hizo. Kwenye mizani nako kulikuwa na mambo. Kampuni nyingine zilihesabu tani ya ratili 2,240 badala ya 2,000, au zilipunguza uzito kwa madai kwamba kigari kilikuwa na mawe mengi, na ndiyo maana mojawapo ya madai ya kwanza ya chama cha wachimbaji, karibu kila mahali, ilikuwa kuwa na mpimaji wao wenyewe kando ya yule wa kampuni.

Siku ya malipo mchimbaji alipokea karatasi ndefu yenye mapato upande mmoja na makato upande mwingine. Pale ambapo hakikubaki kitu, karani alichora mstari wa mawimbi kwenye nafasi ya jumla, nao wachimbaji wa sehemu fulani waliuita nyoka. Mtu aliyepata nyoka aliondoka bila dola hata moja, na asubuhi iliyofuata, akitaka unga, ilimpasa kumtuma tena mtoto dirishani. Duara likaanza upya.

Nyumbani, shughuli kubwa ya mwanamke ilikuwa kuifanya safari ya dirishani iwe ya nadra. Nyumba zilijengwa kwa mbao zilizosimamishwa wima, ziliinuliwa juu ya nguzo, zikapakwa rangi moja, na upepo wa baridi ulipita sakafuni. Familia kadhaa zilichota maji katika bomba moja la mkono, na choo cha shimo kilikuwa nyuma ya kila nyumba. Penye ukanda wa ardhi kati ya nyumba na kijito palipandwa maharage, viazi, kabichi na mahindi. Kampuni nyingi zilihimiza bustani hizo na kutoa zawadi kwa iliyopendeza zaidi. Maharage na nyanya vilihifadhiwa katika chupa za kioo kwa ajili ya majira ya baridi, na nguruwe alichinjwa baridi ilipoanza kushika ili nyama isiharibike kabla ya kutiwa chumvi. Chakula cha kila siku kilikuwa maharage, mkate wa mahindi, na kipande cha nyama ya chumvi kilipokuwapo. Nguo zilianikwa huku macho yakiangalia upepo, maana vumbi la makaa kutoka kwenye mitambo ya kuchambulia lingeweza kuitia weusi shuka iliyotoka kufuliwa. Na jioni, maji yalichemshwa, beseni la bati likawekwa mbele ya moto, na mume akasuguliwa mgongo. Wote walisikiliza honi ya mgodi, kwa sababu ndiyo iliyotangaza jioni kama kesho kuna kazi au hakuna, na ikilia saa isiyo yake, wanawake walitoka mbio kuelekea mlango wa shimo.

Je, bei za duka zilikuwa za kunyonya kama inavyosimuliwa? Hapa wataalamu hawakubaliani. Mwanahistoria wa uchumi Price Fishback ameonyesha kwamba tofauti ya bei kati ya maduka hayo na maduka huru haikuwa kubwa kila mahali, kwa kuwa migodi ilishindania wafanyakazi na wachimbaji walikuwa wepesi wa kuhama. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu pale palipokuwa na migodi mingi jirani, na inapungua nguvu kadiri unavyopanda kuelekea kichwa cha bonde. Aliyetaka kununua kwingine aliweza kubadilisha skripu kwa dola, lakini wafanyabiashara wa nje waliipokea kwa kuipunguzia thamani, mara nyingi kwa asilimia 10 au zaidi. Aidha, nyumba ilikwenda na kazi: aliyefukuzwa mgodini alifukuzwa pia kitandani. Mnamo tarehe 19 Mei 1920, walinzi wa kukodiwa walikwenda Matewan, West Virginia, kuwatoa katika nyumba za kampuni wachimbaji waliojiunga na chama. Siku hiyo ilimalizika kwa risasi na vifo vya watu 10, akiwemo meya wa mji.

Sheria nayo iliijaribu skripu mapema sana, kwa matokeo ya ajabu. West Virginia ilipitisha sheria ya kuizuia mwaka 1887, lakini mwaka 1889 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliifuta katika kesi ya Goodwill, kwa hoja kwamba mtu mzima asinyimwe uhuru wa kupatana na mwajiri wake apendavyo. Tennessee ilipata bahati zaidi: sheria yake ya kulazimisha vibati vibadilishwe kwa fedha ilikubaliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1901, na ile ya Virginia ikakubaliwa mwaka 1914, katika kesi iliyotoka Keokee, mji mdogo wa makaa. Mwaka 1938 sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi ikataka mishahara ilipwe kwa fedha halali. Hata hivyo kanuni zake zilikataza vibati kuwa malipo yenyewe, lakini hazikukataza kuvitumia kuhesabia ujira na bidhaa ndani ya kipindi kimoja cha malipo. Pengo lile kati ya siku za mshahara likabaki wazi kisheria, na skripu ikaendelea kupita humo kwa miaka mingine 15 na zaidi.

Kilichoimaliza skripu kilikuwa barabara. Chama cha wachimbaji kilipata nguvu katika mabonde ya kusini baada ya mwaka 1933, ujira ukapanda, na mchimbaji aliyenunua gari kuukuu aliweza kuvuka mlima Jumamosi na kurudi na unga wa bei nafuu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine za kuchimba na kupakia zilipunguza wafanyakazi, na kampuni zikaanza kuwauzia wapangaji nyumba zao na kufunga maduka. Katika mji wa Benham, jirani kabisa na Lynch, jengo la duka la kampuni lililojengwa mwaka 1923 bado limesimama. Sasa ni jumba la makumbusho la uchimbaji wa makaa la Kentucky, na mgeni hulipa kiingilio chake kwa dola.