Wanachama wapya si faida ya kikoba

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mwalimu, kikoba chetu cha WhatsApp kimeingiza wapya 12. Mwaka huu faida si itapanda?" Haitapanda. Kilichopanda ni mfuko.

Kikoba ni kikundi cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana. Faida yake hutoka kwenye riba ya mikopo tunayokopeshana wenyewe, na kidogo kwenye faini. Kiingilio sikubali kiitwe faida. Kinunue kitabu cha hisa, kinachobaki kiende mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Wapya wakishakuwa ndio wanaowalipa waliotangulia, huo ni upatu, na waliopanda "mbegu" DECI, mchezo wa upatu uliowapotezea watu pesa, wakaja kulia mwaka 2009 wanaujua.

Kinachoniumiza zaidi ni bei ya hisa. Chukua watu 20, kila mmoja ana hisa 30 za shilingi 5,000: jumla 3,000,000. Baada ya miezi sita, riba na faini zimefikisha mfuko 3,480,000, kwa hiyo hisa moja ina thamani ya 5,800. Anakuja mgeni, katibu kwa ukarimu anamuuzia hisa 30 kwa 5,000 ile ile. Sasa gawanyeni 3,630,000 kwa hisa 630: mnapata kama 5,762. Mgeni ameongezewa 22,857 siku hiyo hiyo, na zimetoka kwa wale 20, akiwemo mama aliyekopa kwa ajili ya genge lake akarejesha na riba kila wiki. Mgeni hakuiba. Tumempa sisi, bila kumuuliza yule mama!

Basi anunue kwa 5,800? Nimefundisha hivyo miaka mingi, na siku hizi nasita. Hiyo 5,800 inahesabu na mikopo iliyo bado mikononi mwa watu. Mkopo mmoja wa 400,000 usiporudi, hisa inabaki kama 5,165, na hapo anayeumia ni mgeni. Tulipokuwa tunakutana mbele ya sanduku la pesa la kufuli tatu, anayeyumba tulimwona usoni. Kwenye simu unaona tu "nitalipa Ijumaa".

Kwa hiyo nasema wapya wasubiri mzunguko mpya, baada ya kikoba kuvunjwa na pesa kugawanywa. Msimamo huu una gharama: kikundi kimoja kilimkosa fundi cherehani mwaminifu, akajiunga kwingine, na bado linanikereketa.

Wale 12 nimeshauri waandikwe daftari la pembeni. Waweke akiba, wasikope, na pesa yao isikopeshwe. Siku ya kuvunja kikoba, anayetaka achukue chake, anayebaki aanze nacho sawa na wenzake.